Mama alilazwa hopitali juu ya maumivu ya tumbo, mapafu njo ikatutesa

Watu wananipigiaka simu wakisikia kama mama yetu alitoka muzima mu pankreatite, ule ugonjwa wa kongosho kuvimba, na karibu wote wanauliza mambo ya tumbo tu: atakula nini, watamupasua, maumivu itaisha lini. Pumzi hakuna mwenye anaiuliza. Na sisi ni pumzi njo ilitufikisha ku reanimasio, fasi ya wagonjwa mahututi, tena wakati tumbo lilikuwa limeanza kutulia na tayari tulikuwa tunaambiana kama hatari imepita. Nimeona bora niandike yote fasi moja, na nitasema na mambo ya pesa, juu watu wanaifichaka na inaleta shida kwa wenye wanafuata.

Mama amepita miaka 60, anauza sambaza, anakaa Kadutu, hapa Bukavu, kule juu fasi gari haifike. Kwa muda mrefu alikuwa analalamika chini ya mbavu za kuume, zaidi akikula kitu cha mafuta mingi, inamushika saa moja ao mbili kisha inaachia. Mu nyumba tuliita ile ulsere, anakunywa dawa za farmasi, inapita. Ilikuwa mawe mu kibofu cha nyongo. Mawe ya nyongo pamoja na pombe njo vyanzo viwili vikubwa vya huu ugonjwa, na mama hanywi hata kasiksi, ile pombe ya ndizi, lakini kuna wageni walikuja ku hopitali wakaanza kunong'ona kama lazima alikuwa anakunywa kwa siri. Ile ilimuumiza sana. Tafadhali musimufanyie mugonjwa hivyo. Mawe peke yake inatosha, mafuta kuzidi mu damu inatosha, kuna dawa zenye zinaweza kuileta, hata minyoo ya askarisi ikipanda mu mirija ya nyongo inaweza kuileta, na sisi wa hizi pande ile minyoo tunaijua.

Usiku ilimushika, maumivu ilikuwa juu ya kitovu, chini ya kifua, inapita mpaka ku mugongo, hawezi kulala chali, anakaa ameinama mbele amekumbatia muto, anatapika na kutapika hakumupunguzii kitu. Asubuhi tulimupeleka ku kituo cha afya cha karibu, wakapima malaria na tifoide, wakasema ni tifoide, wakamupatia dawa tukarudi nyumbani. Mangaribi alikuwa amebadilika rangi. Vijana wa avenue walimubeba mu kiti kushuka zile ngazi mpaka ku barabara, tukapata taksi, njo tukafika ku hopitali kubwa.

Kwa hivyo kitu cha kwanza: maumivu ya gafula juu ya tumbo yenye inatoboa mpaka mugongo pamoja na kutapika, ombeni wapime lipazi, kitu chenye kongosho inatengeneza cha kusaga mafuta, mu damu siku ileile. Dokta alitueleza kama wanahitaji vitu viwili kati ya vitatu ili waseme ni pankreatite: maumivu ya namna ile, lipazi ao amilazi yenye imepita mara 3 kiwango cha juu cha mutu muzima, ao picha yenye inaonyesha kongosho imevimba. Kwa mama maumivu na lipazi zilitosha. Ekografi ilionyesha mawe mu nyongo, kongosho yenyewe haikuonekana muzuri juu ya hewa ya matumbo, ni kawaida. Baba mudogo alikuwa anakazana wafanye skaneri palepale, aliona kama bila skaneri hawajafanya kazi, na dokta alimujibu kwa heshima: "Papa, muchunge ile pesa, skaneri ya siku ya kwanza inaweza kutudanganya, kama tutaihitaji tutaifanya kisha siku tatu." Alikuwa na haki, na ile pesa njo ilikuja kulipa oksijeni.

Wakamuwekea serumu, dawa ya maumivu, sonda ya mukojo. Kesho yake maumivu ikapunguka. Wageni wakajaa na termosi zao, wa kanisa wakaomba, tukaimba. Mama alikuwa anatabasamu lakini alikuwa anaongea maneno mawili matatu anasimama. Unamuuliza kitu anajibu kwa kichwa. Watu walisema ni uchovu, ni woga wa hopitali. Infirmie wa usiku njo alishituka, akamuangalia tu kifua akasema, "Mama, unapumua hivi tangu saa ngapi?" Akamuwekea oksimetre ku kidole, kale kamashine ka kupima oksijeni ya damu, ikaonyesha 84 ku 100. Na radio ya kifua yenye walikuwa wamefanya asubuhi ilikuwa karibu safi! Hii ndugu zangu muishike sana: mapafu inaweza kuwa imeanza kushindwa na picha bado haionyeshi kitu, oksijeni ya damu inashuka mbele, picha inafuata nyuma.

Nilimuuliza dokta namna gani kitu cha tumbo kinaenda kuharibu mapafu. Alichukua karatasi akachora. Kongosho inatengeneza maji makali ya kusaga chakula, na yale maji inapaswa kuamuka tu ikifika mu utumbo. Jiwe likiteremuka na kuziba mulango wenye nyongo na kongosho wanatumia pamoja, yale maji inaamuka ndani ya kongosho na kuanza kusaga nyama ya kongosho yenyewe. Palepale mwili unatoa kemikali za kuita chembe nyeupe za damu, na zile kemikali hazibaki ku tumbo, zinaingia mu damu. Damu yenye imetoka ku kongosho inapita ku ini, inaenda ku moyo, na kutoka pale kituo chenye kinafuata ni mapafu. Kuna na njia ingine, mirija ya limfu yenye inapanda mu kifua na kumwaga mu mushipa mukubwa karibu na shingo upande wa kushoto, ile hata ku ini haipiti. Damu yote ya mwili lazima ipite mu mapafu, na mishipa ya kule ni myembamba sana, chembe nyeupe zinakwama mule na kumwaga sumu yao, mishipa inaanza kuvuja, maji inaingia mu vifuko vya hewa. Tena kati ya yale maji ya kongosho kuna moja yenye inaharibu utelezi wa ndani ya vile vifuko, wenye unavisaidia kubaki wazi. Bila ule utelezi vinashikamana kama mufuko wa plastiki wenye umeingia maji.

Ile ni njia mubaya zaidi. Lakini kuna zingine zinakuja pamoja. Mutu mwenye tumbo linamuuma anapumua juujuu, hataki kuvuta pumzi ndefu, na tumbo lenye limevimba linasukuma kifua kutoka chini, basi sehemu ya chini ya mapafu inajifunga. Maji inaweza kukusanyika inje ya pafu pia, mara nyingi upande wa kushoto, mama alikuwa nayo. Na serumu zenyewe zikizidi zinaenda kuishia mu mapafu yenye tayari inavuja.

Juu ya serumu niongee kidogo zaidi. Zamani walikuwa wanafundisha kumupa mugonjwa wa pankreatite serumu nyingi sana na haraka. Mu 2022 ulitoka utafiti mukubwa wenye ulifanyika mu nchi za India, Italia, Meksiko na Uhispania, unaitwa WATERFALL, walilinganisha serumu za nguvu na serumu za kiasi, na wakausimamisha mbele ya wakati juu wale wa serumu za nguvu walikuwa wanazidiwa na maji, karibu watu 20 kati ya 100, wakati upande wa kiasi ilikuwa kama 6, na hawakupona vizuri zaidi. Sasa isikuwe sababu ya wewe kufunga serumu ya mugonjwa wako, hapana! Akikaushwa figo zinakufa. Mambo ni kuuliza: leo ameingiza litre ngapi, ametoa mukojo kiasi gani, na mapafu mumeisikiliza? Dokta muzuri hakasiriki akiulizwa hivyo. Kwetu, wakati walipunguza serumu, mukojo ukabaki unatoka, saturasio (ile namba ya oksijeni ya damu) ikaanza kupanda polepole.

Oksijeni sasa. Mashine yenye inatengeneza oksijeni kutoka ku hewa, nyingi zinatoa litre 5 kwa dakika, na mama ile haikumutosha, alihitaji zaidi, wakaleta mutungi. Halafu umeme ukaenda, na hapa Bukavu umeme unaenda wakati unataka. Mashine inanyamaza, grupu (jenereta) ya hopitali inachukua dakika kuwaka, na zile dakika namba ku oksimetre inashuka unaiangalia kwa macho. Mukifika fasi yoyote na mugonjwa wa oksijeni ulizeni mapema: umeme ukienda kuna nini? Kuna mutungi wenye umejaa pembeni? Nani ana ufunguo wa kuufungua usiku? Na tafadhali, giza likiingia musiwashe bugi (mushumaa) karibu ya mugonjwa wa oksijeni, niliona mutu wa kitanda cha pili anataka kuwasha, nikapiga kelele. Tumieni tochi ya simu.

Juu ya oksimetre: nunueni yenu kama munaweza, ile ndogo ya kidole, ni pesa kidogo ukilinganisha na vingine vyote. Kidole kiwe na joto, mutoe verni ku ukucha. Bukavu iko juu, karibu metre 1,500, kwa hivyo mutu muzima wa hapa anaweza kuwa na namba yenye iko chini kidogo ya ile ya mutu wa Dar es Salaam, mupime na wenyewe muzuri ili mulinganishe. Chini ya 90 ni kuita dokta sasa hivi. Na kuna kitu sisi watu weusi tunapaswa kujua: utafiti wa Marekani wa 2020 ulionyesha kama hii mashine inaweza kuonyesha namba nzuri kumbe mu damu oksijeni iko chini, na ilitokea kwa wagonjwa weusi karibu mara 3 kuliko wazungu. Basi namba ikiwa nzuri lakini mutu anahema, muamini mutu. Hesabuni pumzi dakika nzima, saa mu mukono, bila kumuambia kama unamuhesabia. Mutu mukubwa akiwa amepumzika anapumuaka kati ya 12 na 20. Mama alikuwa anapita 30.

Ku reanimasio dokta wa pale alituita pembeni, mimi na baba mudogo, akatuambia wazi kama inaweza kufika fasi ya kumuingiza bomba mu koo apumulie mashine, na kama huu ugonjwa unapima siku mbili: kiungo chenye kimeshindwa kikirudi mbele ya saa 48 kuna matumaini mazuri, kikipita pale unaitwa mukali kweli. Niliuliza kama ni lazima kumupeleka Kigali. Alitueleza kama kumusafirisha akiwa katika hali ile, kuvuka mupaka, njia ya milima masaa na masaa na mitungi ya oksijeni mu gari, kunaweza kumumaliza njiani, bora kwanza atulie. Akanielezea pia kitu kilinipa nguvu. Zamani, ili useme mapafu ya mugonjwa imeshindwa namna ile, sheria za wazungu zilikuwa zinadai mashine ya kupumulia na kipimo cha damu ya ateri, vitu vyenye hopitali nyingi zetu hazina. Mu 2016 ukatoka utafiti wa Kigali, hapa kwa majirani, wenye ulionyesha kama unaweza kutambua ile hali na oksimetre na ekografi ya mapafu tu. Na hata wakati ule ugonjwa wa mapafu uliandikwa mara ya kwanza, 1967 kule Denver, kati ya wagonjwa 12 mumoja alikuwa wa kongosho. Kwa hivyo hakikuwa kitu kigeni, na kwa dokta wetu hakikuwa kitu cha kushangaa, na mimi kumusikia anajua anachofanya kuliniwezesha kulala masaa kidogo.

Mama hakufika ku bomba. Walimuinua kitanda upande wa kichwa, mask ya oksijeni, dawa ya maumivu ya kutosha, na hii ya maumivu naikazia: kuna watu wanaogopa dawa kali, lakini mutu mwenye anaumwa havuti pumzi ndefu. Kila akiwa macho tulikuwa tunamuhimiza avute pumzi polepole mpaka chini na kuitoa. Kuna usiku alianza kuongea maneno yenye haina muelekeo, ananiita jina la bibi, nikalia sana mu koridoo. Infirmie akaniambia ubongo pia unakosa oksijeni, niangalie siyo mapafu tu. Mikono ikamuwasha na vidole kukakamaa, kumbe kalsiamu ilikuwa imeshuka, na sukari ikapanda bila yeye kuwa na diabete. Hivi vyote vinatoka ku kongosho. Kwa hivyo gadimalade, mwenye anabaki na mugonjwa, akiwa na daftari anasaidia sana, mimi niliandika pumzi, mukojo, joto, chupa za serumu, na maneno yenye dokta amesema, juu zamu zinabadilika na dokta wa usiku hajui yenye ilisemwa muchana.

Chakula. Tantine alikuja na muchuzi wa mizizi ya kijijini ili "kusafisha", tukamukatalia kwa upole, na yeye akakasirika, lakini mutu mwenye figo na mapafu zinatetemeka huwezi kumumwangia kitu chenye hakuna mwenye anajua ndani muna nini. Upande mwingine kuna wazo la zamani kama mugonjwa wa kongosho asikule kitu mpaka lipazi ishuke. Siku hizi wanaanzisha chakula mapema, mu siku ya kwanza ao ya pili kama mutu hatapike, na kama hawezi kumeza wanapitisha sonda ku pua. Mama alianza na uji mwepesi wa masoso, vijiko tu, baadaye wali laini, bila mafuta. Antibiotike pia tulikuwa tunauliza mbona hawamupe, wakatuambia bila dalili ya mikrobe haisaidie. Ile nayo ilitupunguzia fakture.

Pesa: yote pamoja ilipita dolari 2,000. Walianza kutuomba kosio (pesa ya kuweka mbele) mbele ya kumulaza, kisha kila kitu unanunua: gants, sonda, serumu, dawa za farmasi wakati ku hopitali zimeisha. Oksijeni njo ilikula zaidi, wanahesabu kwa muda, na hakuna mwenye alituambia bei mapema mpaka niliuliza. Ulizeni siku ya kwanza, muandike. Tuliuza ng'ombe moja ya Walungu, AVEC ya mama, kile kikundi chao cha kuweka na kukopeshana pesa, ikatukopesha, ndugu wa Lubumbashi wakatuma, na ilibaki deni yenye tulikubaliana na hopitali kulipa kidogokidogo, kwa maandishi, mbele mama hajatoka. Nendeni muongee na mutu wa sosiale mapema, musingojee siku ya kutoka, juu siku ya kutoka bila makubaliano mugonjwa anaweza kuzuiwa mule na kila usiku unaongezeka ku fakture.

Kutoka hopitali haikumaanisha pumzi imerudi. Kwa miezi alikuwa anapanda ngazi za kwetu anakaa njiani mara kwa mara, na kukohoa usiku. Dokta alimupima saturasio akiwa ametembea, siyo akiwa amekaa, na ile njo ilionyesha kama bado. Kazi ya soko tulimukataza kwanza, dada yangu akashika meza ya sambaza.

Na ile nyongo. Kwa wenye pankreatite yao ni nyepesi, inafaa kuondoa kibofu cha nyongo mu ulazwa uleule, juu jiwe lingine linaweza kuteremuka wakati wowote na kuanza yote upya. Kwa mama, juu ilikuwa kali, walingojea kwanza maji ya tumbo na uvimbe vitulie. Shida ni kama watu wakishatoka na maumivu imeisha na pesa imeisha, wanasahau. Mama mwenyewe alianza kusema, "Mwanangu, sasa niko muzuri, muache tu." Nilimukatalia. Musitoke ku hopitali bila tarehe ya operasio imeandikwa ku karatasi na bei yake, anzeni kuchanga siku ileile. Mama alipasuliwa, mbele ya kumulaza usingizi dokta wa anestezi alirudia radio ya kifua na kumutembeza mu koridoo na oksimetre ku kidole, akasema mapafu inaweza kubeba, na mawe tuliyaona kwa macho mu kichupa, madogomadogo, kubwa kati yao halifiki punje ya mahindi.